Huku Maabara Wanaijua Mahenge

Mama mdogo, shikamoo.

Mimi sijambo, ila baridi ya Boston haina adabu. Nimepata nafasi kwenye maabara ya chuo inayochunguza kifafa. Ndiyo, hicho hicho kinachomwangusha Neema.

Huku hata sisi wa shahada ya kwanza tunaruhusiwa kufanya utafiti. Unamwandikia profesa, unaeleza unachotaka kujifunza. Wengi hawajibu, akijibu mmoja umepona. Joji asidhani kuna utajiri. Fedha nyingi za serikali yao za utafiti wa kiangazi ni za raia na wenye ukaazi wa kudumu. Sisi wa viza ya masomo tunafanya kazi humu humu chuoni, muhula ukiendelea isizidi saa 20 kwa wiki.

Natazama video za panya waliorekodiwa usiku, nalinganisha na mistari ya umeme wa ubongo wao, kisha kila kifafa kinapowapanda nakipa daraja, 1 hadi 5. La kwanza mdomo unatafunatafuna. La tano panya anasimama kwa miguu ya nyuma na kuanguka. La pili ni kutikisa kichwa. Hapo nikawakumbuka watoto wa kwetu wanaoinamisha kichwa mara kwa mara kama wanaosinzia, ingawa si ugonjwa uleule. Nilipomwambia profesa natoka Mahenge, aliijua! Daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa huko, akaandika habari za watoto hao tangu miaka ya 1960. Siku hizi watafiti wanauhusisha ugonjwa wao na usubi, ule ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi wadogo wanaouma, kwa hiyo dawa za usubi zikigawiwa asikose mtu hapo nyumbani.

Sasa la Neema. Mama ameniambia mmemwachisha vidonge kwa kuwa haanguki tena. Mama mdogo, haanguki kwa sababu anavimeza! Fenobabito, hiyo dawa yake, inatibu kifafa tangu 1912, na kuiacha ghafla kunaweza kuleta kifafa kinachopanda mfululizo bila kukatika, kinaua. Mrudisheni kliniki kesho, wao ndio wapange kipimo. Na hayo mambo ya kuogopa povu muyaache, haliambukizi. Akianguka, msogezeni mbali na moto, mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni.

Nauli ya kliniki nimemtumia Joji kwenye simu. Akisema haijafika, mbane.

Mwanao,
Asha