Kwa Akinyi: tochi kwanza, vikombe baadaye

Nakuru

Mpendwa Akinyi,

Pokea salamu zangu, wewe na wote wa nyumbani huko Nyakach. Umeuliza jinsi wanafunzi wako watakavyowahesabu buibui wa jamii ya Lycosidae, ambao wengi wao huwinda kwa kukimbia chini bila kutega utando. Anzeni na tochi.

Giza likiingia, vaeni tochi ya kichwani au muishike kando ya jicho. Macho ya buibui hawa hurudisha mwanga kule ulikotoka, kwa hiyo tochi ikishikwa kiunoni hamtaona kitu hata wakiwa tele. Mkiona nukta inayong'aa kwenye nyasi fupi, sogeeni polepole mkihesabu macho: manne madogo chini, mawili makubwa katikati yakitazama mbele, na mawili juu, nyuma kidogo. Jike mwenye mayai hubandika kifuko chake nyuma ya tumbo, panapotoka nyuzi. Anayekibeba mdomoni ni wa jamii nyingine, Pisauridae. Mayai yakianguliwa, vitoto hupanda mgongoni kwa mama. Huyo msimguse, maana akishtuka vitoto hutawanyika.

Vikombe vya kufukia ardhini, yaani mitego ambamo buibui hutumbukia akipita, ndivyo vinavyoharibika zaidi. Chukueni vya plastiki vya nusu lita, viwili kwa kila shimo, kimoja ndani ya kingine, ili mnapotoa cha ndani udongo usiporomoke. Kumi vinatosha, umbali wa mita tano tano. Ukingo uwe sawa na ardhi kabisa. Ukiinuka hata kidogo, buibui mdogo huuzunguka akaenda zake. Udongo wenu mweusi hupasuka jua likichoma na kuacha ufa kando ya kikombe, basi kila jioni uzibeni kwa udongo laini. Tobozeni matundu madogo chini ya vikombe vyote viwili maji yapite, na juu wekeni kigae kilichoinuliwa kwa vijiwe, sentimita tatu hivi.

Wengine hutia maji ya sabuni. Kwa shule mimi nakataa: huua majike pamoja na vitoto vyao bila sababu. Tieni majani makavu, wapate pa kujificha wasilane, na mkague alfajiri kabla ya jua kali. Siafu wakiingia, hamisheni kikombe siku hiyo hiyo.

Hesabu ya vikombe isiwadanganye. Madume hutembea sana wakitafuta majike, hivyo hunaswa zaidi. Kwenye nyasi ndefu kikombe hupata wachache kwa sababu mwendo ni mgumu, wala si lazima wawe wameadimika. Ndiyo maana nasisitiza mlinganishe na hesabu ya tochi, mahali pale pale.

Mkihitaji jina kamili la spishi, hifadhini mmoja au wawili waliokomaa katika alkoholi ya asilimia 70; spishi hutambuliwa kwa viungo vya uzazi chini ya hadubini, na buibui ambaye hajakomaa bado hana. Dume aliyekomaa ana vipapasio vya mbele vilivyovimba nchani. Kila chupa iwe na karatasi ndani, imeandikwa kwa penseli mahali na tarehe, kwani wino wa kalamu huyeyuka.

Usiku, wanafunzi wote wavae gambuti, kwa ajili ya nyoka.

Rafiki yako,
Chebet