Hadithi ya Jumamosi imekwama

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, jirani na soko la Mbuyuni. Hadithi yenu ya Jumamosi huwa naisoma kwa sauti wateja wakisubiri kupunguziwa suruali. Siku hizi wanasinzia. Yule kijana aliyetoroka na hati ya shamba la baba yake bado yuko gesti Arusha, anawaza. Anakumbuka utoto. Anautazama Mlima Meru, tena kwa aya tatu!

Sidai ngumi wala magari kufukuzana. Hata mtu aliyeketi anaweza kuisukuma hadithi, mradi ana analolitaka na kuna kinachomzuia. Mgongeeni mlango: kaka yake yuko mapokezi, anaulizia chumba. Afiche hati au aruke dirishani? Lolote atakalochagua litazaa jingine, nasi tutataka kujua.

Halafu zile -ka- zetu zimeenda wapi? Bibi zetu walisimulia "akainuka, akachukua, akatoka", nasi tukasahau hata kulala. Mwandishi wenu kang'ang'ania "alikuwa akiwaza", "alikuwa akitazama". Vitenzi vyenyewe vimekaa kitako.

Tafadhali mfikishieni kabla hajaandika ya wiki ijayo.

Fundi cherehani,
Moshi