Mjomba, likimisi anzia kwenye koili

Dearborn, Michigan

Shikamoo mjomba,

Huku wazima, ila baridi tu. Hilo Ford Model T uliloletewa gereji ni la ukoo wa 1908 hadi 1927, na yote yana tabia moja. Likimisi, yaani silinda ikikosa kuchoma, usifungue injini kwanza. Fungua sanduku la koili.

Mna koili nne za kutoa umeme wa cheche za plagi, moja kwa kila silinda, na kila moja ina kijibati kinacholia kama nyuki. Injini ikiwa sailensa (inanguruma polepole bila kuongezewa mafuta), kibonyeze kimojakimoja kwa kidole kisitetemeke. Mlio wa injini ukilegea, silinda hiyo ilikuwa inachoma. Usipobadilika, ndiyo yenye ugonjwa. Hapo badilishana koili hiyo na ya jirani. Ugonjwa ukihama nayo, koili ni mbovu. Ukibaki palepale, tazama plagi na waya wake. Moto unakwenda kwa zamu ya silinda 1-2-4-3, si 1-3-4-2 uliyoizoea. Mafundi wengi hukosea waya hapo. Vyote vikiwa salama, zima swichi, zungusha hendeli polepole: pigo litakalokuja jepesi mkononi lina valvu isiyokaa vizuri.

Misi ikiwa ya kuhamahama, leo hii kesho ile, basi ni taima, kile kigawa umeme wa koili kilicho mbele ya injini. Oili kuukuu na unga wa chuma hujaa ndani, roli yake (kigurudumu kinachozunguka ndani) ikawa inaruka. Ioshe kwa petroli, ipake oili nyepesi.

Pointi za koili (ncha zinazogusana chini ya kijibati) zikiungua, zisawazishe zibaki bapa. Pengo ni kama inchi 0.030 kijibati kikiwa kimebonyezwa, lakini fila geji (kipimo cha pengo) peke yake haitoshi: koili inatakiwa ivute kama ampea 1.3. Wanaoseti kwa sikio hupenda mlio mkali, na mlio huo mkali ndio unaokula pointi. Na betri usiiguse kabisa kwenye nguzo ya magneto, ile jenereta ya sumaku iliyo kwenye flaiwili. Flaiwili imebeba sumaku 16, na umeme wa betri unaweza kuzipunguzia zote nguvu ya usumaku.

Kuliwasha: wenzo wa kushoto chini ya usukani uwe juu kabisa, ndiyo kuchelewesha moto. Ukisahau, hendeli inarudi kinyume na kuvunja mkono. Vuta kwa mkono wa kushoto kutoka chini kwenda juu, dole gumba likae upande mmoja na vidole. Oili ikiwa nzito, klachi hunata na gari linakutambalia. Inua tairi moja la nyuma kwa jeki, yaliyobaki uyawekee magogo.

Sasa difu, lile sanduku la gia la ekseli ya nyuma. Hili lifungue hata kama halilii. Ndani mna washa (pete bapa) za kuzuia msukumo za babiti, ile madini laini nyeupe, ambazo kwa uzee humeguka kama biskuti. Zikiisha, kraun wili (gia kubwa ya difu) inajitenga na pinioni (gia ndogo inayoizungusha). Breki ya mguu iko kwenye gia boksi na inashika kupitia shafti, kwa hiyo meno yakiachana mguu unakanyaga bure; inabaki breki ya mkono tu, nayo ni dhaifu. Weka washa za shaba nyeusi. Ukikuta vipande vya babiti kwenye oili, osha nyumba yote ya difu na bearing kabla ya kufunga.

Nisalimie mkaza mjomba na watoto.

Mpwa wako