Barua kwa somo yangu: mdogo wako na spana

Tandika, Dar es Salaam

Somo yangu,

Nakusalimu sana, na mama mfikishie shikamoo yangu. Ujumbe wako nimeusikiliza kituoni nikisubiri daladala, nikaurudia usiku. Mdogo wako anataka ufundi magari, nyumbani mnamvutia kwenye ushonaji, na unaniuliza kama kazi yangu inamfaa mtoto wa kike.

Inamfaa. Ila yaliyonikuta nitakwambia yote.

Nilipotoka chuo cha ufundi cha VETA, Chang'ombe, nilikuwa najua kushusha giaboksi na kubadilisha klachi. Gereji ya kwanza niliyoingia, kule mtaa wa Gerezani, hakuna aliyenitukana. Walinipenda, na hapo ndipo shida ilipoanzia. "Dada, hiyo nzito, waachie wenzako." Nikapewa kuandika risiti, kufuata vipuri Kariakoo, kupokea wateja kwa kuwa nina lugha nzuri. Wavulana tuliomaliza pamoja wakashinda chini ya magari. Miaka mitatu baadaye wao wanaisikiliza injini na kukutajia ugonjwa wake, mimi mkono umeshasahau. Siku niliyoomba nilipwe kama wao, bosi akaniuliza, tena kwa upole: hapa umeshusha giaboksi ngapi? Sikuwa na jibu. Somo, nililia njia nzima. Na hiyo giaboksi hakuna mwanaume anayeibeba begani, inashushwa kwa jeki!

Sheria ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kubagua mtu kwa jinsia, ujauzito au hali ya ndoa. Lakini mimi nilibaguliwa kwa huruma, na huruma haiandikwi kwenye barua ya ajira ukaipeleka mahali. Halafu sheria hiyohiyo inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, baba siku 3. Sitaki za mama zipunguzwe hata moja. Nasema tu kwamba mwenye gereji akifungua daftari lake anaiona tofauti hiyo kabla hajakuita kwenye usaili. Baba angeongezewa siku, hesabu yake ingebadilika.

Wanaume nao yanawafika. Shemeji yangu ni muuguzi. Wagonjwa wanamwita daktari, na mkuu wake wa zamu, mama mtu mzima, wanamwita sista. Akiingia wodi ya wazazi baadhi ya akina mama wanaomba atoke. Nawaelewa, lakini yeye ukunga ameusomea na anaupenda, na linamuuma.

Kila nikilalamika naambiwa tuna Rais mwanamke tangu Machi 2021. Ni kweli, na siku ile anaapishwa nilisimama mbele ya televisheni mpaka mwisho. Lakini juzi mteja amenikuta na ovaroli, grisi hadi kwenye viwiko, akaniuliza, "Dada, fundi yuko wapi?"

Sasa nipo gereji nyingine. Mzee mwenyewe ana utaratibu mmoja: gari ukilipokea ni lako mpaka litoke. Mwezi wa kwanza nilichelewesha magari mawili, na hakuninyang'anya. Alikuja akachuchumaa pembeni, akaniuliza nimefika wapi, akaondoka. Ule mkono wangu umerudi kwa njia hiyo, na malipo yamefuata.

Kwa hiyo mdogo wako akienda mafunzo kwa vitendo, daftari la risiti asilishike wiki ya kwanza. Akilishika halimtoki tena. Aulize mapema pia kuhusu choo, maana gereji nyingi zina kimoja tu na hakifungi.

Mwambie mama chumba kipo, binti afikie kwangu. Aje na viatu vigumu vya kufunga. Ovaroli nitampa yangu ya zamani, ingawa nayo nilikata mikono na miguu, kwa sababu za dukani zote zimeshonwa kwa mwili wa mwanaume. Mama akiwa na nafasi, achukue vipimo vyake kabla hajasafiri, amshonee nyingine inayomkaa. Kitambaa nitatuma mimi.

Wako,
Somo yako