Malalamiko Kuhusu Matengenezo ya Mfumo wa Sauti wa Uwanja Wetu

Ndugu Meneja wa Ufundi,

Nakuandikia kwa niaba ya idara ya mitambo ya uwanja kuhusu matengenezo yaliyofanywa na mafundi wako kwa siku tatu mwezi uliopita, ambayo ankara yake imetufikia ikidai malipo yote kana kwamba kazi imekwisha. Kazi haijaisha, na katika jambo moja mmetuachia mfumo ukiwa na hali mbaya kuliko mlivyoukuta.

Jambo lenyewe ni ucheleweshaji wa sauti. Spika zetu kuu ziko juu ya ubao wa matokeo upande wa kaskazini, na kutoka hapo hadi jukwaa la kusini ni mita 170 hivi, mwendo unaoichukua sauti nusu sekunde. Ndiyo maana spika ndogo zilizo chini ya paa la jukwaa hilo zilipangwa zisubiri muda huohuo, ili sauti zote mbili zimfikie msikilizaji kwa pamoja. Fundi wako aliirudisha prosesa, kifaa kinachopanga muda huo wa kusubiri, kwenye mpangilio wa kiwandani bila kuhifadhi nakala ya mpangilio wetu. Katika mechi iliyofuata tulitangaza kwamba kuna mtoto aliyepotea anayesubiri wazazi wake geti namba 4. Mama yake alikuwa ameketi jukwaa la kusini, akasikia maneno yakigongana, asiambulie jina wala geti. Walikutana baada ya dakika 40. Tangazo la kuwataka watu watoke uwanjani kwa dharura lingepita kwenye spika hizohizo.

Pili, ripoti yenu inasema kwamba spika zote 12 za jukwaa la mashariki "zimesafishwa na kupimwa". Kila spika hapo imewekwa wati 30 kwenye laini ya volti 100, kwa hiyo laini nzima inapaswa kusoma ukinzani wa omu 28 hivi. Sisi tulipata omu 42, na tulitumia kipimo cha laini za spika, si multimita ya kawaida, ambayo kwenye laini yenye transfoma hudanganya. Kwa kuwa ukinzani wa laini hupanda kadiri spika zinavyokatika, usomaji huo unaonyesha spika nane tu ndizo zinazofanya kazi. Tulipopanda ngazi kuzitafuta zile nne, tulikuta viungio vya nyaya vimeota kutu ya kijani kwa chumvi ya bahari, na ndani ya honi ya spika ya tisa mlikuwa na kiota cha shomoro chenye mayai mawili. Sielewi spika hiyo ilisafishwa vipi.

Nakiri kwamba vichujio vya vumbi vya amplifaya vilisafishwa vizuri, na chumba cha mitambo hakichemki tena kama zamani.

Tunaomba, ndani ya siku 14, mtume mhandisi atakayerudisha muda wa ucheleweshaji kwa kuupima akiwa jukwaani, si kwa kukisia akiwa chumbani. Mbadilishe viungio vilivyoliwa na kutu kwa vile vinavyostahimili hewa ya pwani. Na mtuletee usomaji wa kila laini, wa kabla na wa baada ya kazi, ukiwa na sahihi ya aliyepima. Mpaka hapo, nusu ya pili ya malipo itabaki kwetu.

Spika ya tisa msiiguse kwanza. Vijana wangu wameomba tusubiri makinda yaruke.

Wako katika kazi,

Msimamizi wa Mitambo ya Uwanja