Mguu unakatwa, mishipa haijapimwa

Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Baba mdogo wangu hapa Moshi amekatwa mguu mwezi uliopita, chini ya goti. Ana sukari miaka mingi na sigara hakuacha (tulisema mpaka tukachoka). Mwaka mzima akitembea kutoka stendi lazima asimame mara tatu, shavu la mguu linabana, akipumzika dakika mbili tatu linaachia, sisi tunasema uzee tu huo, kumbe mishipa inayopeleka damu mguuni imeziba. Baadae kidole gumba kikawa cha baridi, kikatoka kidonda, hakiponi, kikawa cheusi. Alikokuwa anatibiwa walimfunga bendeji wiki saba na hakuna hata mmoja aliyemshika juu ya unyayo kusikia kama mapigo yapo.

Na kipimo chenyewe wala si cha ajabu, unachukua presha ya kifundo cha mguu unagawanya kwa ya mkono, ikiwa chini ya 0.9 ujue mshipa una shida, ingawa kwa wenye sukari mishipa ikikakamaa namba inaweza kudanganya. Sasa mbona kliniki wanamtoboa kidole cha mkono tu, viatu havivuliwi?

Juzi nimemvua soksi mguu uliobaki. Nao wa baridi.

Msomaji, Moshi