Gugu maji linauzwa jijini, na Mto Ruvu uko jirani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie gugu maji, ambalo sisi wakazi wa Dar es Salaam tumezoea kulisoma kama habari ya Mwanza na Mara, kisha tukafungua ukurasa mwingine. Mmea huohuo unauzwa hapa jijini. Katika vitalu vya maua vya kando ya barabara nimeukuta zaidi ya mara moja ukielea kwenye mabeseni ya plastiki, vikonyo vyake vimevimba kwa hewa, ua lake la zambarau lina doa la njano, na muuzaji akiusifia kuwa hauhitaji udongo wala kutunzwa. Hasemi uongo, na hapo ndipo penye hatari.

Asili ya gugu hili ni Amerika ya Kusini, na uzuri wa ua lake ndio uliolisambaza duniani. Katika Mto Pangani lilikuwapo tangu miaka ya 1950. Katika Ziwa Victoria liliingia baadaye sana, mwishoni mwa miaka ya 1980, sehemu kubwa likishuka na maji ya Mto Kagera. Kufikia 1998 lilikuwa limefunika takriban hekta 20,000 za ziwa hilo, mitumbwi ikashindwa kutoka mialoni, maji yaliyo chini yake yakapungukiwa hewa na konokono wanaoeneza kichocho wakapata pa kujificha. Mapanga na mashine havikufua dafu. Lililegezwa na mbawakavu, wadudu wadogo wanaolila, ambao upande wetu walianza kuachiliwa 1997, ingawa wapo wataalamu wanaodai kwamba mvua za El Niño za mwaka huo nazo zilichangia. Mbegu zake hukaa matopeni miaka 15 na zaidi zikiwa hai, ndiyo maana kila likitangazwa kuwa limekwisha hurudi.

Mwanzoni mwa 2025 gugu jingine, salvinia, lilikwamisha vivuko vya Kigongo na Busisi katika Ziwa Victoria. Hili halina mbegu: kipande kimoja kilichonasa kwenye wavu au ubavuni mwa boti kinatosha kuanzisha kundi jipya, na mbawakavu wa gugu maji hawaligusi, kwa kuwa lina mdudu wake mahususi, yule aliyelisafisha katika Mto Sepik wa Papua New Guinea miaka ya 1980.

Nakiri kwamba gugu likitupwa kwenye mtaro unaoingia Msimbazi huishia baharini, na chumvi huliua. Hofu yangu iko kwa wale wanaolinunua mjini na kulipeleka kwenye mabwawa ya samaki na ya bustani huko Mlandizi, Chalinze na Morogoro, ambako mafuriko ya masika yanaweza kulifikisha Mto Ruvu. Mto huo ndio unaotupatia sehemu kubwa ya maji ya bomba, na sasa linajengwa bwawa la Kidunda ili kuyahifadhi. Maji yaliyotulia, yenye mbolea iliyosombwa kutoka mashambani, ndiyo hasa gugu hili linayoyapenda.

Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020 ipo, na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ina wakaguzi bandarini na mipakani. Ningependa wakaguzi hao wafike pia kwenye vitalu vya jijini, si kwa kuwanyang'anya wauzaji mtaji wao siku ya kwanza, maana wengi hawajui wanachouza, bali kwa kuwapa muda wa kuliondoa na kuotesha yungiyungi letu la asili, ambalo kwa macho yangu linalizidi uzuri. Wavuvi na wafugaji wa samaki wanaohamisha nyavu na boti kutoka ziwa moja hadi jingine, au kuzileta kwenye mabwawa ya Pwani na Morogoro, watakiwe kuzisafisha na kuzikausha juani kabla ya kuzipakia.

Nawe, Ndugu Mhariri, tafadhali chapisha picha za rangi za magugu haya mawili pamoja na namba ya simu ya ofisi inayopaswa kupewa taarifa.

Msomaji wako,
Kimara, Dar es Salaam